Kifusi Kinachomiminwa: Taka za Viwanda Katika Kazi ya Kufukia Mitaro

Mtaro unapochimbwa ili bomba la maji lipite, watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa ni kuchimba. Fundi aliyekomaa anajua kwamba kazi kubwa ni kufukia. Udongo uliotolewa ardhini hauwezi kurudi jinsi ulivyokuwa kwa kusukumwa tu kwa koleo. Umelegea, umejaa nafasi za hewa, na ukirudishwa mtaroni bila kushindiliwa hubaki na nafasi hizo hizo. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hupenya ndani yake, chembe za udongo hujipanga upya, na uso wa mtaro hudidimia. Barabara iliyokatwa hupata shimo refu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na bomba lililokosa pa kuegemea hupinda na kupasuka.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kuondoa tatizo hilo, yaani kutumia kifusi chenye saruji kidogo sana ambacho humiminwa kama uji na kuganda chenyewe, na ambacho sehemu yake kubwa yaweza kuwa taka za viwandani. Kwa kuwa lugha yetu haijapata neno moja lililozoeleka la kukitaja kitu hiki, humu nitakiita kifusi-uji. Mfano wetu utakuwa Gitting, katika Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, ili tupime kama elimu hii, ambayo ilikulia kwenye nchi za viwanda vikubwa, ina faida yoyote kwa wananchi wanaoishi chini ya mlima, mbali na viwanda hivyo.

Kwa nini udongo hudidimia

Kanuni ya kufukia mtaro kwa udongo ni kuuweka kwa matabaka membamba, ya sentimita 15 hadi 20 hivi, na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka linalofuata. Udongo sharti uwe na unyevu wa kadiri. Ukiwa mkavu mno chembe zake hukataa kusogeleana, na ukiwa na maji mengi mno hubonyea tu chini ya shindilio na kurudi ulipokuwa.

Kanuni hii ni nyepesi kuisema, lakini katika mtaro wenye upana wa sentimita 60 huwa ngumu kuitekeleza. Mtu hawezi kuzungusha shindilio vizuri humo. Pembeni na chini ya mgongo wa bomba kuna pembe mbili ambazo chombo hakifiki kabisa, na hizo ndizo sehemu ambazo bomba hutegemea kubebwa. Aidha, mtu anayeshuka ndani ya mtaro wenye kina kirefu ili ashindilie anahatarisha maisha yake, kwani kuta za udongo zaweza kumfunika ghafla.

Katika Hanang hali ina uzito wake wa pekee. Mlima Hanang ni volkano iliyozimika, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mvua huteremka kutoka mabavuni mwake kwa kasi. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope, mawe na miti kutoka mlimani yalifunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hakuna kifusi cha aina yoyote ambacho kingezuia msiba wa ukubwa huo, wala makala haya hayadai hivyo. Hata hivyo, msiba ule ulionyesha wazi jinsi maji na udongo uliolegea vinavyoweza kushirikiana mahali penye mteremko. Mtaro uliofukiwa vibaya unaoshuka na mteremko ni njia ambayo maji yameandaliwa. Mwaka wa kwanza huwa mfereji, na baada ya miaka michache huwa korongo.

Kifusi-uji ni nini

Kifusi-uji ni mchanganyiko wa saruji kidogo, unga laini wa madini (kwa kawaida majivu), mchanga na maji mengi. Uwiano unaofaa kuanzia ni huu, kwa kila mita moja ya ujazo: saruji kilo 60, majivu kilo 250, mchanga kilo 1,450, na maji lita 300. Msomaji akumbuke kwamba zege la kawaida la nyumba huhitaji saruji kilo 300 au zaidi kwa ujazo huo huo.

Mchanganyiko huo humiminwa mtaroni kutoka kwenye ndoo, toroli au gari la zege. Hutiririka wenyewe, huingia chini ya bomba na kwenye kila pembe, wala hauhitaji kushindiliwa. Baada ya saa chache mtu huweza kutembea juu yake.

Jambo la kushangaza kwa mwanafunzi ni kwamba hapa mhandisi hatafuti nguvu kubwa. Kamati ya Taasisi ya Zege ya Marekani inayoshughulikia vitu hivi huhesabu kuwa kifusi cha aina hii ni kile chenye nguvu ya mkandamizo isiyozidi megapaskali 8.3, na hushauri isizidi megapaskali 2.1 pale ambapo mtaro waweza kuhitaji kuchimbuliwa tena. Zege la nyumba hufikia megapaskali 20 na zaidi. Sababu ya udhaifu huu wa makusudi ni kwamba siku moja bomba litavuja, na fundi atapaswa kulifikia kwa sururu na koleo. Kifusi kigumu kama zege kingelizika bomba kaburini. Kwa hiyo ubora wa kifusi-uji hupimwa kwa pande mbili: kiwe na nguvu kuliko udongo ulioshindiliwa vizuri, na kiwe dhaifu kiasi cha kuchimbika.

Asili yake

Kazi ya kwanza kubwa inayojulikana ilifanyika Marekani mwaka 1964, wakati wa kujenga bomba la maji kutoka Mto Canadian katika jimbo la Texas, lenye urefu unaozidi kilometa 500. Wajenzi walichanganya mchanga wa hapo hapo, saruji na maji, wakamimina chini ya bomba badala ya kushindilia udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Detroit Edison, iliyokuwa na marundo ya majivu ya makaa ya mawe kutoka kwenye mitambo yake, ilishirikiana na kampuni ya zege kutengeneza kifusi ambacho majivu hayo yalikuwa sehemu yake kubwa. Hapo ndipo kazi ya kufukia mitaro na kazi ya kuondoa taka zilipokutana.

Na haja ya kuondoa taka hizo si ndogo. Tarehe 21 Oktoba 1966 rundo la mabaki ya mgodi wa makaa ya mawe, lililoachwa juu ya kilima huko Aberfan, Wales, lililoweshwa na maji, likaporomoka na kufunika shule ya msingi. Watu 144 walikufa, 116 kati yao wakiwa watoto. Mwezi Desemba 2008 boma la bwawa la majivu lilibomoka huko Kingston, Tennessee, na tope la majivu likaenea mashambani na mtoni. Taka inayorundikwa haiishi. Hungoja tu mvua.

Kemia yake

Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 za Sentigredi hivi. Jiwe la chokaa, yaani kalisi kaboneti, hugawanyika:

CaCO3 → CaO + CO2

Mwanafunzi akitumia uzito wa atomu ataona kwamba kila kilo 100 za jiwe hutoa kilo 44 za kaboni dioksidi angani, kabla hata ya kuhesabu moshi wa moto uliolichoma. Basi kila mfuko wa saruji tunaoweza kuuacha bila kuharibu kazi ni akiba ya fedha na ni afya ya hewa.

Saruji inapokutana na maji, madini yake hufanya gundi ya kalisi na silika, ambayo ndiyo hushika mchanga. Lakini mmenyuko huo hutoa pia zao la pembeni, nalo ni kalisi hidroksidi, ambayo ndiyo chokaa iliyozimwa. Chokaa hiyo peke yake haina nguvu kubwa, na maji huweza kuiyeyusha na kuichukua.

Hapa ndipo majivu yanapoingia. Majivu ya aina fulani yana silika isiyo na umbo la fuwele, yaani silika ambayo atomu zake hazikujipanga kwa utaratibu kwa sababu kitu kilipoa upesi. Silika ya namna hiyo, ikiwa laini kama unga na ikiwa na unyevu, huungana polepole na ile kalisi hidroksidi na kuifanya gundi zaidi ya aina ile ile. Vitu vyenye tabia hiyo huitwa pozolana, kwa jina la mji wa Pozzuoli karibu na Napoli nchini Italia, ambako Warumi wa kale walichimba jivu la volkano na kulichanganya na chokaa kwa ajili ya majengo yao, hata yale ya baharini.

Silika yenye fuwele, kama ile ya mchanga wa mtoni, haifanyi kazi hiyo. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtu kwamba jivu fulani lina silika nyingi. Lazima tuulize silika hiyo ni ya umbo gani.

Taka zipi tunazo

Katika nchi zinazozalisha umeme kwa makaa ya mawe, majivu yake ndiyo malighafi kuu. Tanzania haijategemea sana umeme wa namna hiyo, lakini tunazo taka nyingine.

Ya kwanza ni majivu ya makapi ya miwa. Viwanda vya sukari kama TPC, karibu na Moshi, huchoma makapi hayo ili kupata mvuke na umeme, na majivu hubaki.

Ya pili ni majivu ya pumba za mpunga. Pumba zikiungua huacha majivu yanayokaribia sehemu moja ya tano ya uzito wake, na silika yaweza kufikia asilimia 90 ya majivu hayo. Joto likizidi sana wakati wa kuchoma, silika hugeuka kuwa fuwele na kupoteza faida yake. Moto wa wastani, chini ya nyuzi 700 hivi, hutoa majivu mazuri zaidi.

Ya tatu ni vumbi la kokoto linalobaki kwenye mashine za kusaga mawe. Vumbi hili kwa kawaida si pozolana, lakini hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga na kuufanya uji uteleze bila kuachana na maji yake. Ya nne ni vifusi vya matofali na zege la majengo yaliyobomolewa, vikisagwa.

Taka zisizofaa

Si kila taka ifukiwe kwa kisingizio cha ujenzi. Mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu yaweza kuwa na zebaki au sayanidi. Kuyatia kando ya bomba la maji ya kunywa ni kuchezea uhai wa watu.

Katika Mkoa wa Manyara wenyewe upo mfano wa kutufundisha. Mwamba wa fosfeti wa Minjingu, unaotengenezewa mbolea, una urani kuliko miamba ya kawaida, kama vipimo vya wanasayansi vilivyothibitisha. Mabaki ya mwamba wa namna hiyo yasitumike karibu na makazi hadi yapimwe na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Hali kadhalika, maji ya sehemu nyingi za kaskazini ya nchi yetu yana floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkano. Jivu lolote litakalowekwa ardhini lioshwe kwanza kwa maji safi maabarani, na maji hayo yapimwe, ili tujue linatoa nini.

Fizikia: bomba linaloelea

Kifusi-uji kina adui mmoja ambaye mwanafunzi wa kidato cha pili anamfahamu, naye ni kanuni ya Arkimedi. Kabla ya kuganda, uji huu ni kiowevu chenye densiti ya takriban kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, mara mbili ya maji. Tuchukue bomba la plastiki lenye kipenyo cha nje cha milimita 110. Kila mita yake huondoa ujazo huu:

3.14 × 0.055 × 0.055 × 1 = mita za ujazo 0.0095

Uzito wa uji ulioondolewa ni 0.0095 × 2,000, yaani kilo 19. Bomba lenyewe lina uzito wa kilo 2 hivi kwa mita. Basi linasukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 17 kwa kila mita. Tukilijaza maji tunaongeza kilo 7 hivi, lakini bado zinabaki kilo 10. Bomba litapanda juu ya uji mbele ya macho ya fundi, na likiganda hapo kazi yote imeharibika.

Dawa yake ni kulifunga bomba kwa nondo zilizopigwa ardhini au kulilaza chini ya mifuko ya mchanga, kisha kumimina mara mbili: kwanza hadi kwenye robo ya kimo cha bomba, na baada ya tabaka hilo kushika, kumimina lililobaki. Kwa sababu hiyo hiyo ukuta wowote unaozuia uji wenye kina cha mita moja hubeba chini yake kanieneo ya nyutoni 20,000 kwa mita ya mraba, mara mbili ya ile ya maji.

Hesabu ya Gitting

Sasa turudi chini ya Mlima Hanang. Tuchukue mtaro wenye upana wa mita 0.6, kina cha mita 1 na urefu wa mita 100. Ujazo wake ni mita 60. Kwa kilo 60 za saruji kwa kila mita ya ujazo, tunahitaji kilo 3,600, yaani mifuko 72 ya kilo 50. Zege lenye kilo 320 lingehitaji mifuko 384. Akiba ni kubwa, lakini mifuko 72 kwa kila mita 100 bado ni mzigo usiobebeka kwa bomba la kijiji lenye urefu wa kilometa kadhaa. Anayependekeza kufukia bomba lote kwa kifusi-uji hajaipiga hesabu.

Lakini tuangalie mahali ambapo bomba linakatisha barabara yenye upana wa mita 8. Ujazo ni 8 × 0.6 × 1, yaani mita 4.8, na saruji ni kilo 288, ambayo ni pungufu kidogo ya mifuko 6. Hapo hesabu inageuka. Mifuko 6 ni bei ndogo kulinganisha na kuleta greda mara kwa mara kuziba shimo lile lile, au kulifukua bomba lililopasuliwa na magari. Ndivyo ilivyo pia pembeni mwa kalavati, chini ya vizimba vya mabomba, na mahali ambapo mtaro unaoshuka mteremkoni unahitaji ukingo wa kuukatisha, kila baada ya umbali fulani, ili maji yasiufanye mfereji. Kwa hiyo kifusi-uji kwa Gitting ni cha sehemu chache zilizochaguliwa, nao udongo ulioshindiliwa kwa matabaka ubaki kuwa kifusi cha kawaida.

Majivu je? Kwa mita zile 4.8 tunahitaji kilo 1,200. Kuyasafirisha kutoka kiwanda cha sukari cha Moshi hadi Hanang kunaweza kugharimu kuliko saruji yenyewe. Hii ndiyo sheria ya taka: thamani yake ni ndogo, na barabara huila upesi. Taka hufaa pale ilipo.

Lakini volkano ni tanuri la kale lililoacha majivu yake mlangoni. Jivu la volkano la Songwe limetumiwa katika saruji ya Mbeya, na pozolana huchimbwa pia Holili, karibu na mpaka wa Kenya. Je, jivu la Hanang lafaa? Hapa sharti tuwe waangalifu. Miamba ya Hanang ni ya aina yenye silika chache na alkali nyingi, na jivu la kale lililokaa mvuani huweza kuwa limegeuka udongo wa mfinyanzi. Rangi na ulaini havitoshi kutoa jibu. Jibu hutoka kwenye kipimo, na sehemu ya kipimo hicho yaweza kufanyika shuleni.

Jaribio la darasani

Mwalimu atafute jivu la volkano, majivu ya pumba au ya mabaki mengine, mchanga safi, chokaa iliyozimwa na saruji. Wanafunzi wavae glavu na walinde macho, kwa kuwa chokaa na saruji mbichi huchoma ngozi.

Jaribio la kwanza ni la pozolana. Saga na chekecha jivu hadi liwe laini kama unga wa ngano. Changanya sehemu moja ya chokaa na tatu za jivu kwa uzito, na maji ya kutosha kufanya tope zito. Jaza katika vikopo vidogo. Tengeneza vingine kwa kutumia mchanga laini badala ya jivu. Vifunge vyote kwa kitambaa chenye maji na plastiki kwa majuma mawili, kisha toa sampuli na uzitie ndani ya maji. Sampuli ya mchanga inatazamiwa kulegea na kumomonyoka. Sampuli ya jivu ikibaki nzima na ngumu, jivu hilo lina tabia ya pozolana na linastahili kupelekwa maabara ya vifaa vya ujenzi. Ikiyeyuka kama ya mchanga, mmeokoa fedha za wananchi.

Jaribio la pili ni la mtiririko. Kata kipande cha bomba chenye kipenyo cha sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 15, kilicho wazi pande zote mbili. Changanya lita moja ya kifusi-uji: saruji gramu 60, majivu 250, mchanga 1,450 na maji 300, ukiongeza maji kidogo kidogo ikihitajika. Simamisha kipande juu ya kioo au bati tambarare, kijaze, kisha ukinyanyue wima kwa mkupuo mmoja. Uji mzuri hutandaa na kufanya duara lenye kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, bila maji kujitenga ukingoni. Wanafunzi wakokotoe unene wa wastani wa duara hilo. Wakipata sentimita 2 na ushei, wamekokotoa sawasawa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kifusi-uji huokoa saruji, hufika pasipofika shindilio, na huipa taka kazi ya heshima. Tumeona pia mipaka yake: umbali, sumu, na bomba linaloelea. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini hufanya kazi kwenye ardhi ile ile, mmoja akijenga barabara na mwingine akipitisha bomba chini yake. Mahali zinapokatana ndipo mifuko sita ya saruji na kilo elfu na mia mbili za jivu lililopimwa zingeweza kuondoa ugomvi wa miaka mingi.

Mwanafunzi wa Gitting anayeokota konzi ya jivu njiani anapokwenda shule ameshika kitu ambacho kemia yake bado haijaandikwa kikamilifu. Na alipime, aandike alichokiona, na amwonyeshe mwalimu wake.